Steringi Akifa, Nani Aambiwe?

Mashabiki wa filamu wakikutana kuulizana umeona nini siku hizi, haipiti muda mmoja wao anaziba masikio. "Ishia hapo hapo, bado sijaicheki!" Mwenye stori anakatishwa utamu ukiwa mdomoni, anahangaika kutafuta pa kutokea, na mwisho anaambulia maneno mawili: kali, itafute. Wengi wanauita huo ustaarabu. Mimi naona kuna kitu kinapotea hapo, ingawa siwezi kumlaumu moja kwa moja aliyeziba masikio.

Hofu yenyewe ya kutajiwa mwisho si ya zamani sana. Kwa miongo kadhaa kumbi nyingi za sinema za Marekani zilionyesha filamu mfululizo, mchana hadi usiku, na mtu aliingia saa aliyojisikia. Angeweza kumkuta muuaji anatiwa pingu, kisha akabaki kitini kusubiri ianze upya ndipo ajue aliyeuawa ni nani. Ikifika pale alipoingilia, anainuka na kwenda zake, roho kwatu. Mwaka 1955 mwongozaji Mfaransa Henri-Georges Clouzot alimalizia filamu yake Les Diaboliques kwa maandishi yaliyowaomba watazamaji wasiende kuwaharibia wenzao. Mwaka 1960 mwongozaji mwenzake Alfred Hitchcock akaenda mbali zaidi: filamu yake Psycho ikishaanza, mlango umefungwa, hata ungekuwa nani.

Wanaotetea ukimya wana hoja moja, na inatosha. Filamu utairudia mara kumi ukitaka, lakini mara ya kwanza ni moja tu. Anayekutobolea mwisho anachukua kitu ambacho hawezi kukurudishia, na mara nyingi anakichukua bila wewe kumuuliza chochote. Huko ni kutia mchanga kitumbua cha mwenzio.

Upande wa pili wanakuja na utafiti. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi 12 wasome, wengine wakitajiwa mwisho mapema. Kwa wastani, waliotajiwa ndio walioburudika zaidi. Tangu hapo matokeo hayo yamegeuzwa fimbo ya kuwachapia wanaolalamika, lakini hadithi ya kurasa chache si filamu ya saa mbili uliyoisubiri mwaka mzima, na watafiti wengine mwaka 2015 walipata picha iliyo kinyume. Kwa hiyo fimbo hiyo ni nyepesi kuliko wanavyoirusha.

Hoja yao nzuri iko kwingine, kwenye uchambuzi wenyewe. Chukua tukio moja la filamu ninayoipenda. Mume anafika mgahawani amechelewa, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao. Anaketi, anaomba radhi, anaeleza kazi ilivyombana. Mke hamtazami wala hamjibu. Bili inaletwa, mume ananyoosha mkono aichukue, mke anamuwahi. Kisha mke anamtakia heri ya siku hiyo kwa sauti ya chini na kuondoka. Kwa anayeitazama mara ya kwanza, huyo ni mke aliyenuna. Kwa anayejua mwisho, ni tukio jingine kabisa, na kila ishara ya mikono ile inakuwa na maana ambayo...

Unaona? Nimekwama. Filamu hiyo ina zaidi ya robo karne na bado siwezi kukueleza kwa nini tukio hilo ni la kifundi bila kumwaga mtama. Maongezi yetu mengi ya filamu yanakufa hapa. Tunabaki kusifia mapigano, mavazi na picha zilivyong'aa, halafu tunashangaa kwa nini maoni ya watu mia yanafanana.

Ajabu ni kwamba mtu aliyefunga milango ndiye aliyetoa maelezo bora ya kwa nini kujua mapema si hasara. Katika mazungumzo yake na mwongozaji François Truffaut, yaliyochapishwa mwaka 1966, Hitchcock anatoa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanapiga soga, linalipuka ghafla: umemshtua mtazamaji kwa sekunde 15. Lakini mwonyeshe kwanza bomu na saa inavyokwenda, kisha uwaache wale watu na soga zao zile zile, naye atakaa dakika 15 akitamani kuwapigia kelele watoke. Ushauri wake ni kumjulisha mtazamaji kila inapowezekana, isipokuwa pale mshangao wa mwisho ndio kilele cha hadithi yenyewe.

Nami naegemea hapo. Filamu ya meli inayojulikana kuzama tangu 1912 haiharibiki kwa kutajwa kuzama. Ya mpelelezi ambaye sisi tumeshamwona muuaji dakika za mwanzo haina cha kuficha pia. Tunakaa kutazama atanaswaje. Zinazosimama kwa siri moja ni chache, na hizo ndizo zinazostahili mdomo kufungwa. Zilizobaki tuziseme, ilimradi mtu aulizwe kwanza kama ameiona.

Ila hata hao mabingwa wa kutunza siri wana lao. Rafiki yangu mmoja, anayejisifu hajawahi kumharibia mtu filamu, alinisisitizia niangalie moja ya upelelezi. "Sikwambii kitu," akasema, "ila mwisho wake hutauamini." Basi nikakaa dakika tisini nikimshuku kila aliyepita mbele ya kamera: mlinzi, nesi, mtoto wa jirani. Hadi mbwa nilimshuku. Siri ilipotoka nilikuwa nimeshaibashiri nusu saa nyuma, na rafiki yangu hadi leo anasema hakuniambia chochote.