Padri wa filamu hana shirika

Filamu ya viumbe wa angani ikionyeshwa katika kartie yetu hapa Goma, mabishano hayachelewi. Mmoja atasema Hollywood inatuchora Wakristo kama wajinga. Mwingine atamjibu kwamba filamu hizo hizo zinahubiri kuwapita wahubiri wa sokoni. Kinachochekesha ni kwamba wote wawili wanaweza kuleta ushahidi kutoka filamu moja.

Chukua Contact ya mwaka 1997. Mwanasayansi aliyenasa ujumbe kutoka angani ananyimwa nafasi ya kusafiri kwa sababu alipoulizwa kama anamwamini Mungu hakuweza kusema ndiyo. Kisha mhubiri mwenye msimamo mkali anailipua mashine ya safari pamoja na nafsi yake. Hapo mlalamikaji wetu anasimama: mnaona? Lakini angoje mwisho. Mwanamke huyo anasafiri kwa mashine ya pili, anarudi bila kithibitisho chochote, na anabaki kuwaomba watu waliamini neno lake tupu. Anayeachwa na imani mkononi ni mwanasayansi.

Ya The War of the Worlds ya 1953 ilinichukua muda zaidi. Mchungaji anawaendea wavamizi kutoka Mars akisoma Zaburi ya 23, ile ya bonde la uvuli wa mauti, na wanamteketeza. Nilipoitazama mara ya kwanza niliona dharau. Siku hizi naona heshima, hasa nikikumbuka kwamba katika kitabu cha H. G. Wells cha 1898 mtu wa kanisa ni mwoga aliyerukwa na akili. Filamu ilimpa ujasiri, na watu wake wanaishia kujificha kanisani.

Kwa hiyo dhihaka si shida yangu. (Katika The Book of Eli, ya 2010, mtawala anaisaka Biblia ili awatiishe watu kwa maneno yake. Nani hapa kwetu atajifanya hajawahi kumwona mtu wa namna hiyo, tena mwenye suti nzuri?)

Linalonikera ni upweke. Padri wa Kianglikana wa Signs, ya 2002, aliacha kanzu baada ya mkewe kufa. Mtafiti wa Prometheus, ya 2012, anavaa msalaba alioachiwa na baba yake. Eli anatembea peke yake miaka 30. Imani ni kidonda cha mtu mmoja. Hakuna kwaya, hakuna sadaka, hakuna mama wa shirika, ile jumuiya ndogo ya waumini wa mtaa, anayekugongea mlango kwa sababu Jumapili hukuonekana. Naelewa: saa mbili hazitoshi kuonyesha parokia nzima, na kidonda kinapigika picha vizuri. Lakini ndiyo maana filamu hizi zinamweka mtu wa Mungu kiti kimoja na mtu wa sayansi kiti kingine, kana kwamba hawajawahi kuketi pamoja.

Wameketi, tena katika mwili mmoja. Georges Lemaître, aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kutoka atomu moja, alikuwa padri Mbelgiji. Monsinyori Luc Gillon, mkuu wa chuo kikuu cha Lovanium kule Kinshasa, alikuwa padri na mwanafizikia wa nyuklia. Ni chini yake kinu cha kwanza cha nyuklia Afrika kiliwashwa chuoni hapo mwaka 1959. Mwandishi wa filamu akileta mhusika kama huyo ataambiwa anatia chumvi.

Sisi tuliishi mambo haya bila kamera. Mwaka 2002 moto wa volkano yetu ya Nyiragongo uliteketeza Katedrali ya Mtakatifu Yosefu, na Jumapili hazikukoma. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mbingu ilipogeuka nyekundu tena, barabara ya Sake ilijaa watu. Mbele yangu mama mmoja alikuwa na godoro kichwani na rozari shingoni, anasali kwa sauti, na kila baada ya fumbo moja anamgeukia mwanawe mwenye simu: kituo cha volkano wamesema nini?