Tiketi Moja, Ujerumani Kumi na Sita

Jamani, nyumbani wakisikia mwanafunzi wa Ujerumani ana tiketi ya kuzunguka nchi nzima mwezi mzima, wanadhani kijana anakula bata. "Mdogo wangu, si upite Berlin ukamwone shangazi?" Sawa, kaka. Hebu tuiangalie hiyo tiketi.

Inaitwa Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49 kwa mwezi, Januari 2025 ikawa 58, na tangu Januari 2026 ni 63. Mwanafunzi ambaye chuo chake kimo kwenye mpango hulipa asilimia 60 ya bei hiyo, na haulizwi: inamezwa na ada ya muhula, usafiri au ulale chumbani. Unaruhusiwa kila kinachosimama kila kijiji: treni za mikoa (RE na RB), tramu, mabasi, treni za mjini. ICE, IC na EC, yaani zinazokimbia, hazikuhusu. Kazi yako ni kuzitazama zikipita.

Hamburg hadi München kwa ICE ni kama saa sita. Wewe wa RE unakwenda Uelzen, unashuka. Göttingen, unashuka. Erfurt, unashuka. Nürnberg, unashuka. Ndipo upande ya tano ya kukufikisha München, usiku, mgongo umekauka. Na hapo hakuna iliyochelewa! Programu ya simu inakupa dakika sita za kubadilisha treni, kana kwamba huna begi na lifti ya kituo ni nzima. Ya kwanza ikichelewa dakika nane, ya pili imeshakwenda, na inayofuata ni baada ya saa moja, na kwenye njia nyingine baada ya saa mbili. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya programu, ongeza muda wa kubadilisha uwe dakika 20 au zaidi, kisha chagua treni za mikoa tu. Usipochagua, itakuchomekea ICE katikati ya safari, utapanda kwa roho safi, na konda atakuandikia faini ya yuro 60 au zaidi. Tena ondoka alfajiri. Anayeondoka adhuhuri atafahamiana vizuri na mabenchi ya kituo.

Halafu kuna hesabu za kuchelewa. Kwa shirika la reli, treni ikizidisha chini ya dakika sita, imewahi. Iliyofutwa kabisa haimo kwenye hesabu. Ndiyo, marehemu hachelewi! Wewe mwenye tiketi ya mwezi ukifika umechelewa dakika 60 au zaidi, unadai yuro 1.50. Ila hawalipi chochote kisichofika yuro 4. Mara mbili ni yuro 3, hupati kitu. Inabidi uchelewe mara ya tatu, zifike 4.50. Mtu mzima unajikuta unaiombea treni ikwame.

Kusini mwa München nako kuna balaa lake. Treni ya kwenda milimani inaondoka ikiwa moja, inagawanywa njiani kama mirathi. Ikifika Holzkirchen, kipande kimoja kinakwenda Bayrischzell. Kilichobaki kinakatwa tena Schaftlach: hawa Lenggries, hawa Tegernsee. Tangazo linatolewa kwa Kijerumani cha haraka huku mtoto analia. Waliokaa behewa moja kwa sababu lina dirisha zuri wanaishia bonde lisilo lao. Soma kibao kilicho ubavuni mwa behewa kabla ya kupanda, si ubao mkubwa wa kituoni tu, na angalia herufi za jukwaani, A, B, C, ujue kipande chako kitasimama wapi. Na ukiona namba 1 karibu na mlango, hapo ni daraja la kwanza, hata kama viti vinafanana na vya kwenu na vyote ni vitupu. Vimekuwa vitupu kwa sababu.

Simu chaji ijae. Tiketi imo humo, na simu iliyozima haina tiketi. Picha ya skrini usijaribu. Kitambulisho nacho uwe nacho, maana tiketi ina jina lako na huwezi kumwazima mwenzako wa chumbani.

Sasa umefika, una njaa. Jumapili maduka yamefungwa nchi nzima, hilo kila mtu analijua baada ya wiki ya kwanza. Kinachoua ni majimbo, kumi na sita, kila moja na kalenda yake. Tarehe 31 Oktoba Hamburg ni sikukuu, München ni siku ya kazi. Kesho yake, Novemba 1, München wamefunga, Hamburg wanauza. Ukisafiri kutoka kaskazini kwenda kusini usiku huo, umekula sikukuu mbili bila mkate. Januari 6 Bavaria, jimbo la München, imefungwa, Berlin iko wazi. Machi 8 Berlin imefunga, Bavaria wanakushangaa. Berlin utakuta duka wazi saa nne usiku. Bavaria sheria inafunga saa mbili kamili, na saa mbili kasoro dakika tano mhudumu anakutazama kwa jicho la mama mkwe. Suluhisho ni maduka ya ndani ya vituo vikubwa, ambako bei nayo imepanda ICE.

Wajanja wanasema tiketi inafika hadi Salzburg, Austria. Kweli, inafika kituo kikuu. Ukitoka nje, basi la mjini unalipa. Shida iko kwenye kurudi: Freilassing, kituo cha mpakani upande wa Ujerumani, polisi wanaingia, na katika behewa zima macho yao yanamjua wa kuanza naye. Pasipoti halisi na kadi ya ukaazi viwe mfukoni, si kabatini chuoni. Watazigeuza, watapiga simu, watazigeuza tena, treni imesimama, abiria wote wanakutazama wewe ndiye unayewachelewesha. Na dakika zenyewe hazifiki sitini.