Mhitimu, wadhamini watatu na chuo alichokiacha

Kila msimu wa mahafali unapokwisha hapa Dodoma, lawama ileile huibuka miongoni mwa wahitimu: kwamba vitengo vya ushauri wa ajira vilivyomo vyuoni ni pambo tu, kwa kuwa havijampatia mtu kazi. Lawama hiyo ina mashiko. Ajira za utumishi wa umma, ambazo ndizo macho ya wengi yameelekea katika jiji la Serikali, hupitia Sekretarieti ya Ajira, chombo cha Serikali kinachoendesha mchakato wa kuajiri, na maombi hutumwa kwa mfumo wa Ajira Portal, usiomuuliza mwombaji kama aliwahi kubisha hodi kwa mshauri wa chuo. Waajiri binafsi wa Kanda ya Kati ni wachache wakilinganishwa na wale wa Dar es Salaam, na mhitimu aliyekwisha kurudi kwao Kondoa au Mpwapwa, akiitwa mjini kwa semina ya nusu siku, ana haki ya kupiga hesabu ya nauli kwanza. Tena ushauri, uwe mzuri namna gani, hauongezi nafasi hata moja.

Hata hivyo, wanaolalamika hivyo wanakidai chuo kitu ambacho hakijawahi kuwa nacho, huku wakiviacha vile kilichonavyo. Tuchukue tangazo la kawaida la Sekretarieti, ambalo barua zake za maombi huelekezwa Jengo la Utumishi, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma (ukaribu ambao haumpi mwanafunzi wa hapa upendeleo wowote, wala haupaswi kumpa). Hutaka umri usiozidi miaka 45, nakala za vyeti zilizothibitishwa, na wasifu wenye majina ya wadhamini watatu wa kuaminika, yaani watu wanaoweza kuulizwa habari za mwombaji. Matokeo ya muda hayakubaliki. Mhitimu ambaye hajakamilisha taratibu za kuondoka chuoni kwa sababu ya kitabu cha maktaba au ada iliyobaki hana cheti mkononi, na tangazo halimsubiri.

Lakini ni hapo penye wadhamini ndipo wengi hupoteza bila kujua wamepoteza nini. Mwombaji wa kawaida hujaza nafasi hizo usiku wa mwisho: mhadhiri aliyemfundisha katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, kiongozi wa dini wa mtaani kwao, na mjomba mwenye cheo. Mwajiri, tuseme shirika lenye ofisi zake Ilazo hapa jijini, akimpigia simu huyo mhadhiri, atajibu kwa uungwana kwamba jina analikumbuka kwa mbali, na jibu la namna hiyo ni baya kuliko kukosa jibu. Mlinganishe na mhadhiri aliyesimamia utafiti wa mwaka wa mwisho, akairudisha sura ya nne mara mbili, na anayejua kwamba mwanafunzi huyu alirudi Chamwino kukusanya madodoso upya baada ya kuona majibu ya kwanza hayaaminiki. Huyo ana la kusema, na analisema bila kuombwa mara mbili. Mdhamini wa aina hiyo hapatikani baada ya mahafali. Hutengenezwa kwa kwenda ofisini kwake wakati bado mtu ni mwanafunzi, na si lazima ujuane na mtu yeyote mkubwa.

Mafunzo kwa vitendo nayo ni vivyo hivyo. Wengi huchagua halmashauri iliyo karibu na kwa shangazi, wakagongewa muhuri na kuondoka. Ilhali barua ya utambulisho ya chuo humfikisha mwanafunzi kwenye meza ya ofisa mipango au mhasibu kwa wiki kadhaa, akaonekana anavyofanya kazi. Mwaka mmoja baadaye, mhitimu huyohuyo akifika ofisi hiyohiyo bila barua, huenda asivuke getini kwa mlinzi. Usaili wa majaribio ambao chuo huwafanyia wanafunzi, kwa wale watakaoitwa kwenye mchujo wa maandishi na baadaye mahojiano, ni msaada mdogo zaidi, ingawa ndio unaotangazwa sana.

Vyuo navyo havijitetei vizuri. Mafunzo ya kuandika wasifu huwekwa wiki za mwisho, mitihani ikiwa shingoni, na mtu akishavaa joho anakuwa mgeni: maktaba imefungwa kwake, mshauri hamjui. Bodi ya Mikopo humwachia mhitimu miezi 24 kabla ya kuanza kumdai, ikikiri kwamba kazi haipatikani siku ya pili. Chuo kingeweza kuufuata muda huohuo, mhitimu akaendelea kutumia maktaba, kuonana na mshauri kwa simu badala ya nauli, na kupewa barua ya utambulisho ya kujitolea, gharama kubwa ikiwa ni karatasi na muhuri.