Haidromita au rifraktomita? Kwanza tuulizane kuhusu maji ya kuhakikia

Wafugaji wa samaki wa mapambo wa maji chumvi wana ubishi wao usiokwisha: chumvi ya tangini ipimwe kwa haidromita au kwa rifraktomita? Wa rifraktomita wanasema haidromita ni kifaa cha kubahatisha, na mtu akipoteza samaki kwa sababu yake asimlaumu yeyote. Wa haidromita wanajibu kwamba kifaa chao ni rahisi, hakina cha kuharibika, na samaki walifugwa nacho miaka mingi kabla ya rifraktomita, hivi vidarubini, kushuka bei. Nimetumia vyote viwili na naona kila upande una haki yake. Linalonisumbua ni kwamba pande zote mbili zinaruka swali la kwanza: je, kifaa kimehakikiwa kwa maji ambayo chumvi yake inajulikana?

Hakuna kifaa hata kimoja kati ya hivi kinachohesabu chumvi. Unaweza kujua jirani yupo nyumbani kwa kuona moshi jikoni, kwa kusikia redio, au kwa kukuta viatu mlangoni, na kila dalili ina namna yake ya kukudanganya. Haidromita husoma uzito wa maji. Ni ndugu wa ile laktomita ambayo mnunuzi wa maziwa huitumbukiza kwenye ndoo kuona kama yametiwa maji. Rifraktomita husoma jinsi mwanga unavyopinda ukipita kwenye tone la maji. Kipimo cha elektroniki husoma jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji ya bahari ya kawaida, yenye chumvi gramu 35 kwa kila kilo, yakiwa na nyuzijoto 25 huwa mazito mara 1.026 kuliko maji yasiyo na chumvi ya joto hilohilo, na hupitisha umeme kiasi cha milisimenzi 53 kwa sentimita. Ni maji yaleyale, dalili tofauti.

Haidromita ya kioo nitaitetea bila kusita. Haina betri wala skrubu ya kulegea, na isipopasuka itasoma mwaka wa kumi kama ilivyosoma siku ya kwanza. Ile ya plastiki yenye mkono unaoinuka siipendi: kiputo kimoja cha hewa kikigandia mkono, au chumvi ikikauka kwenye egemeo lake, namba inahama nawe hujui. Lakini hata ya kioo ina mtego, na mtego huo huwanasa zaidi sisi wa nchi za joto. Nyingi zimetengenezwa kwa maji ya nyuzi 60 za Farenhaiti, yaani kama 15.6 za Selsiasi. Maji ya tangi langu Dar es Salaam yalikuwa nyuzijoto 28, na maji ya joto ni mepesi. Kifaa kilisoma kati ya 1.023 na 1.024. Nikaamini chumvi imepungua, nikaongeza kidogo kidogo hadi nikaiona 1.026 niliyokuwa naitafuta. Kumbe namba ile ya mwanzo, kwa joto lile, ilikuwa ndiyo bahari yenyewe, na mimi nilikuwa nimewapeleka viumbe wangu karibu na gramu 38. Samaki walistahimili. Kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, hakustahimili, na bado naumia nikimkumbuka, kwa sababu maelezo yote yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi ndogo ndani ya kioo kile.

Rifraktomita inaondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Unaweka matone mawili, unafunga kifuniko, unasubiri kama nusu dakika yapoe au yapate joto la kifaa, kisha unatazama mstari wa buluu na nyeupe umeishia wapi. Yenye fidia ya joto hukuondolea hesabu za nyuzi. Hapo wanaoisifu wana haki.

Wasichokisema ni kwamba nyingi za bei nafuu hazikutengenezwa kwa ajili ya maji ya bahari. Skeli yake ni ya maji ya chumvi ya mezani, natri kloridi tupu, ilhali bahari ina magnesi, salfeti, kalsi na vingine, na mchanganyiko huo hupindisha mwanga kwa namna yake. Kifaa kama hicho, hata kikiwekwa sawa kwenye sifuri kwa maji safi kama karatasi ya maelezo inavyoagiza, kitasoma bahari ya 35 kuwa kama 36.5. Mwenye tangi atapunguza chumvi mpaka aione 35, na kumbe amebaki na 33 na nusu. Mchukulie huyu pamoja nami na haidromita yangu ya zamani: wote tumefuata kifaa kwa uaminifu, kila mmoja anaamini tangi lake ni bahari, na kati yetu kuna tofauti ya zaidi ya gramu nne.

Kwa hiyo mimi nauliza kwanza: umekihakiki kwa kitu gani? Sokoni hatubishani kama mizani ya mshale ni bora kuliko ya kidijitali. Afisa wa vipimo anakuja na mawe yake yanayojulikana uzito, anayaweka, na mizani inajieleza. Wanasayansi wa bahari nao hufanya hivyo. Tangu zama za Martin Knudsen, mwanafizikia wa Denmark, mwanzoni mwa karne ya 20, walilinganisha vipimo vyao na maji maalumu ya chupa yaliyoitwa maji ya Copenhagen, na mpaka leo maji ya namna hiyo hutengenezwa Uingereza kwa kazi hiyohiyo.

Kwetu chupa ya maji ya kuhakikia ya 35 haipatikani kila duka, lakini inatengenezeka. Kwa rifraktomita, yeyusha gramu 36.5 za chumvi safi na kavu kwenye gramu 963.5 za maji ya betri, yale yaliyokenekwa, si asidi. Kwa haidromita ni gramu 37.1 kwenye 962.9, na yawe na joto la tangi lako. Kwa kipimo cha umeme ni 32.9 kwenye 967.1. Namba zinatofautiana kwa sababu ileile: chumvi ya mezani si bahari, na kila kifaa huiona kivyake. Chumvi ya mawe yenye unyevu haifai, na mizani iwe inasoma sehemu ya kumi ya gramu.

Kuna wanaosema wao huchota baharini, hivyo kipimo ni anasa. Wakati wa kiangazi, mbali na mdomo wa mto, nawaelewa. Masika yakikolea, nenda ukatazame Msimbazi unapoingia baharini, au Sabaki karibu na Malindi unavyoigeuza bahari rangi ya kahawia, halafu uamue kama ndoo hiyo utaimwaga tangini bila kuipima.

Unachofuga nacho kina neno. Samaki wa baharini huweka maji ya mwilini mwake kwenye kama theluthi moja ya chumvi ya bahari. Hunywa maji na kutoa chumvi iliyozidi kupitia matamvua. Huyo atavumilia kosa la gramu mbili, mradi lisije kwa ghafla. Matumbawe, jongoo bahari na kiti cha pweza hawana kinga hiyo, maji yakibadilika nao wamebadilika. Mwenye samaki watupu akiniuliza, nitamwambia haidromita ya kioo iliyoandikwa nyuzijoto 25, pamoja na kipimajoto, inamtosha kabisa. Mwenye matumbawe atafute rifraktomita yenye skeli ya maji ya bahari. Kipimo cha elektroniki ningekinunua mwisho: usomaji wake huhama kama asilimia mbili kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo unategemea kabisa ubora wa fidia yake, na chumvi ikikauka kwenye ncha zake huanza kupotosha.

Ila chupa ya kuhakikia ningeitengeneza kabla ya kununua chochote kati ya hivyo, niifunge barabara, niandike tarehe ubavuni. Kifuniko kikilegea maji hupungua na chumvi hubaki, kama tangini, na hapo jiwe la mizani lenyewe linakuwa limeongezeka uzito.