Siku tatu za baba

Mwaka jana kwa miezi sita kazi yangu ilikuwa nepi, uji na kubembeleza. Ninaishi Göteborg, Uswidi, mwaka wa tisa huu. Nafunga vipuri kwenye kiwanda cha malori, na mke wangu anahudumia wazee majumbani mwao. Binti yetu alipotimiza miezi kumi mama yake akarudi kazini, mimi nikabaki nyumbani. Sikumpigia mtu magoti. Nilijaza fomu kwenye simu, na msimamizi wa zamu akaniuliza jambo moja tu: unarudi mwezi gani, nijue wa kumweka?

Bi mkubwa, mama yangu, yuko Tanga, Ngamiani. Siku ya kwanza aliyonikuta kwa video saa nne asubuhi, mtoto begani na kitambaa cha matapishi shingoni, aliitikia marahaba yake kisha akanyamaza kidogo.

"Baba, wamekuachisha kazi?"

Nikamwambia hapana, nipo likizo ya uzazi.

"Kwani nani kazaa?"

Nilicheka nikadhani yameisha. Kesho yake shangazi alipiga simu kutoka Muheza kuuliza kama mke wangu ni mzima. Baada yake akapiga mjomba, huyo yeye akataka kujua kama nimelishwa kitu.

Nyumbani watu wakiona picha za wanaume wa huku wakisukuma vigari vya watoto, husema wenzetu ndivyo walivyo, ni utamaduni wao. Hapo nabisha, maana nimefuatilia. Sheria ya Uswidi iliwaruhusu akina baba kuchukua likizo ya uzazi tangu mwaka 1974. Unajua mwaka huo walichukua kiasi gani cha siku zote zilizolipwa? Asilimia 0.5. Mwanaume wa Kiswidi wa wakati ule alikuwa yuleyule baba yangu, tofauti ni koti la baridi tu. Serikali ikabandika mabango. Bango moja maarufu lilimwonyesha Lennart Dahlgren, mnyanyua vyuma, pande la mtu lenye nywele nyekundu, amekumbatia kichanga kana kwamba anaogopa kukiponda. Watu wakalipenda, wanaume wakaendelea kwenda kazini kama kawaida.

Kilichowaleta nyumbani kwa kweli ni hesabu ya hela. Mwaka 1995 ulitengwa mwezi mmoja ambao baba asipouchukua, familia inaukosa. Hauhamishiki kwa mama. Mwaka 2002 ukaongezwa wa pili, 2016 wa tatu. Leo mtoto mmoja anakuja na siku 480, kati ya hizo 390 zinalipwa karibu asilimia 80 ya mshahara, na kila mzazi ana siku 90 zisizoguswa na mwenzake. Mswidi anaweza kuvumilia mengi, lakini kuacha hela yake ipotee serikalini, huyo simjui. Sasa akina baba wanachukua kama asilimia 30 ya siku. Bado si nusu, wala hakuna anayejifanya kuwa ni nusu.

Asubuhi nilikuwa nampeleka binti kwenye ukumbi wa watoto wa mtaa, tunakaa chini kwenye mkeka tunaimba. Jirani yangu wa mkekani alikuwa dereva wa lori, mikono imechorwa hadi vidoleni, anaimba kuhusu buibui kwa sauti ya chini kabisa, macho kayakaza dirishani. Alikuwa na aibu kama yangu, ila yeye hakuwa na mjomba wa kumpigia simu.

Msije mkanisoma vibaya mkadhani huku ni peponi. Mke wangu anazunguka kwa baiskeli, theluji au jua, na simu ya kazi inampangia dakika: huyu umwogeshe, huyu dawa, huyu umpashie chakula, ondoka. Kwenye timu yao wanaume unawahesabu kwa vidole. Wenzake ni akina mama kutoka Somalia, Eritrea, Bosnia, Thailand. Kwetu kiwandani, katika mstari wa watu ishirini, wanawake ni wawili. Kila jinsia imewekwa upande wake kama msikitini, na upande wa kuwaogesha wazee haulipi kama upande wa kufunga bolti. Ukichukua nchi nzima, mshahara wa wanawake bado uko nyuma kwa kama asilimia 10.

Halafu kuna suala la deki. Tangu mwaka 2007 anayeajiri mtu wa kumfanyia usafi nyumbani anapunguziwa kodi. Kwa hiyo daktari mwanamke anawahi zamu yake, mumewe anawahi yake, na sakafu yao inapigwa deki na mwanamke wa tatu aliyeshuka kwenye tramu na ndoo yake. Mbona hili tunalijua? Dada yangu yupo benki Dar es Salaam, ana cheo, ana gari, na asubuhi hawezi kutoka mlangoni kama dada wa kazi hajaamka. Binti huyo katoka Lushoto, analala chumba kimoja na watoto. Anayepiga deki Göteborg kwa ajira halali, akishika mimba, na yeye ana siku zake za kulipwa. Yule aliyemtangulia huyu wa Lushoto aliposhika mimba, alipewa nauli. Dada yangu si mtu mbaya, nampenda sana, na siku nilipomwambia hivi hakunijibu meseji zangu kwa wiki mbili.

Kwenye kuonekana, lakini, sisi tumewapiga bao. Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais tarehe 19 Machi 2021. Waswidi, pamoja na sifa zao zote, hawakuwa wamewahi kupata waziri mkuu mwanamke mpaka Novemba mwaka huohuo, miaka mia moja tangu wanawake wao wapige kura ya kwanza. Magdalena Andersson akachaguliwa tarehe 24, na kabla siku haijaisha akajiuzulu kwa sababu chama kimoja kilitoka serikalini. Wakamrudisha tarehe 29. Nilitamba kiwandani wiki nzima. Wenzangu walidhani natania, nikawaonyesha kwenye simu.

Tatizo la kutamba ni kwamba kuna watu wana kumbukumbu. Mmoja wao, Mkenya wa idara ya rangi, alinikumbusha ya Agosti. Katika hafla ya kuipongeza timu ya vijana wa kiume, Rais alizungumzia wachezaji wa kike: kwamba baadhi yao vifua vyao ni bapa, ukiwatazama unaweza kudhani ni wanaume, na kwamba ndoa kwao inakuwa ngumu. Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimetamba kwa jina la Mama huyohuyo. Mwaka uliofuata Simba Queens walikwenda Morocco kwenye ligi ya mabingwa ya wanawake Afrika wakashika nafasi ya nne, na mimi nikawa najiuliza ni wangapi kati yao waliyasikia yale maneno nyumbani, mbele ya baba zao.

Julai 2019 nilisimama uwanja wa Götaplatsen hapa mjini timu ya wanawake ya Uswidi iliporudi na shaba ya Kombe la Dunia. Watu maelfu. Mbele yangu alikuwa mzee mwenye tumbo la bia, fulana yake imeandikwa mgongoni Asllani, jina la mchezaji wa timu hiyo. Nilimtazama sana mzee yule. Sijawahi kumwona mwanaume wa Tanga amevaa jina la mwanamke mgongoni, labda kwenye fulana ya msiba.

Lakini hata mandhari hiyo ina upande wake wa pili. Novemba 2017 waigizaji wa kike 456 wa Uswidi walitia saini barua moja, wakaeleza waliyofanyiwa kwenye majukwaa na kwenye filamu: kupapaswa, kutishwa, kulazimishwa. Hii ni nchi ya siku 480. Fomu ya likizo haimfungi mtu mikono.

Na sisi hatukuanza jana na mwanamke mwenye sauti. Siti binti Saad, aliyekuwa akiuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Alimwimba Kijiti, muuaji aliyetoroka, na mahakama iliyowafunga wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Wimbo huo ulikuwa kesi ya rufaa, maana rufaa nyingine wasingeipata. Toka hapo njoo hadi kwa Khadija Kopa, kisha binti yake Zuchu, ambaye vijana wa kiume wanamjazia ukumbi na wanajua kila neno.

Sasa chukua ukumbi huohuo Jumamosi nyingine, uwe wa kitchen party. Dada yangu alinitumia video ya kwake. Kungwi kashika kipaza sauti, kanga mbili kiunoni, anamwambia bibi harusi kwamba mume ndiye mtoto wa kwanza, amlee. Ukumbi ukalipuka vigelegele. Halafu akainama, akapunguza sauti, lakini kipaza sauti kikanasa: na mshahara wako, mwanangu, akiuliza, utajie pungufu, usimvunje moyo. Dada yangu alikuwa anapata zaidi ya mchumba wake, na ukumbi mzima ulilijua hilo. Mtoto wa kwanza peke yake ndiye aliyefichwa.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia mjadala wa usawa kwenye redio za nyumbani, watu wanabishana kuhusu mila na dini na nguo, mimi nauliza siku. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama siku 84, akijifungua pacha 100. Baba siku tatu.

Mdogo wangu yuko mgodini huko Kahama. Mkewe alijifungulia Tanga, karibu na mama, wakati mimi nikiwa katikati ya likizo yangu. Siku ya kwanza ya zile tatu ilimwishia kwenye basi. Ya pili alikuwa na mtoto: alimshika, akamwadhinia, akaenda sokoni kutafuta kuku, akarudi akamkuta amelala. Ya tatu alikuwa kwenye basi tena, na hapo ndipo aliponipigia, amebanwa dirishani na mfuko wa machungwa mapajani.

"Kaka," akasema, "miezi sita yote hiyo na mtoto. Huwa mnafanya nini?"

Nikageuza simu aone. Binti alikuwa amepata kijiko cha uji na alikuwa anajaribu kukiingiza kwenye sikio langu. Mdogo wangu alicheka hadi abiria wa jirani akachungulia, akaniambia nimsogeze karibu amwone vizuri, na tulipokuwa tunamsogeza mtandao ukakatika, nadhani walikuwa wamefika Mkata.