Kiambaza hugawa samaki, hakigawi maji

Fahali wawili hawakai zizi moja, na beta madume wawili, wale samaki wa mapambo wagomvi, hawakai tangi moja. Hilo halina ubishi. Ubishi unaanza pale mtu anaposema: basi tia kiambaza katikati, kila fahali apate zizi lake. Hapana. Ukuta mwembamba ndani ya tangi unawazuia wasing'atane, lakini maji ni yale yale, amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, ni ile ile, vimelea ni vile vile. Ulicho nacho ni tangi moja lenye samaki wawili wasiopatana, na ukilichukua hivyo tangu mwanzo hutakosea sana.

Tuanze na ukubwa, maana hauna maneno mengi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, maji yakifika kimo cha sentimita 25, linabeba lita 45. Toa changarawe, mawe na sponji ya kuchujia maji, kila beta anabaki na lita 20 hivi. Hapo panatosha. Likiwa chini ya lita 40 kwa jumla, weka beta mmoja na uachane na kiambaza. Vyumba vitatu au vinne sivishauri hata hesabu ya lita ikikubali, kwa sababu samaki wa chumba cha kati ana adui kulia na adui kushoto, na hana upande wa kugeuzia mgongo.

Kinachosahaulika na karibu kila anayetamani tangi la kugawa ni tangi la akiba. Watu hugawa ili wasinunue tangi la pili, kumbe wao ndio watakaolihitaji mapema kuliko anayefuga beta mmoja. Samaki mgeni akae peke yake wiki 4 kwenye chombo cha lita 10 hadi 20 chenye hita na sponji yake, ndipo aingie upande wake. Ukimwingiza moja kwa moja, halafu siku ya sita ukamulika tochi ukaona mgongoni kama vumbi la dhahabu, huo ni ugonjwa wa velveti, na vimelea vyake vinavyoogelea vimeshapita kwenye matundu ya kiambaza zamani. Madoa meupe yanayofanana na chembe za chumvi ni hadithi hiyo hiyo. Dawa nayo haina mipaka: huwezi kumtibu wa kushoto bila kumnywesha wa kulia. Kama huna pa kuweka chombo cha akiba, usigawe tangi.

Sasa kiambaza chenyewe. Kinachofanya kazi vizuri ni wavu mgumu wa plastiki wa kutarizia, mweusi, wenye matundu ya milimita 2 hadi 3. Wavu wa chuma usiuguse: unashika kutu, na madini kama shaba na zinki yakiyeyuka ndani ya maji ni sumu kwa samaki. Pembeni wavu unashikwa na zile reli za plastiki za kubania kurasa za ripoti, moja kila ukuta wa kioo, na ya tatu chini ukipenda. Silikoni iwe safi, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Inashika kioo kuliko inavyoshika plastiki, kwa hiyo kwaruza mgongo wa reli kwa msasa kabla ya kupaka, kisha acha saa 48 bila maji. Ikiwa bado inanuka siki, ongeza siku.

Kipimo cha upana ndicho kinachowashinda wengi. Wavu ukiwa mwembamba unachomoka kwenye reli. Ukiwa mpana kupita kiasi unavimba kama tanga, na ule mvimbo unaivuta reli mpaka pembe ya chini inaachia. Kata kidogo kidogo, ukijaribu kila mara, hadi uingie kwenye reli zote mbili na kusimama wima bila kusukumwa. Kisha mwaga changarawe kimo cha sentimita 3 pande zote mbili za mguu wake. Juu, wavu upite maji kwa sentimita 5 au uguse kifuniko kabisa. Beta huruka, tena huruka bila kukimbilia mbali: anajikunja, anajirusha, amevuka. Kifuniko ni lazima, ila kisilale juu ya maji. Beta ana kiungo maalumu kichwani cha kuvutia hewa, hivyo hupanda juu kupumua, na nafasi ya hewa yenye joto na unyevu kati ya maji na kifuniko inamfaa.

Kabla hujaweka samaki, pitisha kidole kwenye kingo zote. Mlango wa kutorokea huwa ni pale ulipokata wavu kupitisha waya wa hita au mrija wa hewa. Kichwa cha beta ni chembamba, kimechongoka kama kabari. Panapopenya kichwa, mwili unafuata. Waya upite juu ya maji, kwenye mkato unaolingana nao, si pembeni mwa ukuta.

Lakini wavu unaozuia meno hauzuii macho, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaopenda kiambaza cha kuonekana. Wanasema samaki wakitunishiana mashavu wanafanya mazoezi. Dakika chache kwa siku, haidhuru. Kutwa nzima ni mateso. Beta wa asili anaishi kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga ya Thailand na nchi jirani, na ugomvi wao huisha mmoja anapokimbia akajificha kwenye majani. Kwenye tangi lililogawanywa hakuna anayeshinda wala anayeshindwa: adui yupo asubuhi, yupo jioni, hasogei. Samaki anakwenda na kurudi sambamba na wavu, mashavu wazi, hali chakula, na mapezi marefu yanachanika kwenye matundu. Wengine hugeuka wakajitafuna mkia wenyewe.

Dawa yake ni nyavu mbili nyeusi, zimeachana sentimita 2, matundu ya mmoja yakikingamana na mwili wa mwingine. Halafu panda mimea pande zote mbili: anubiasi na kangaga la Java vilivyofungwa kwenye vijiti au mawe, shina lao la mlalo likiwa nje ya changarawe, maana likifukiwa linaoza. Kupima kama inatosha ni rahisi. Inama hadi macho yawe usawa wa samaki, mwombe mtu apitishe mkono nyuma ya upande wa pili. Ukiona kitu kinasogea, nao wanakiona.

Kuna wanaotumia ukuta mgumu wenye vitobo vichache. Unaziba macho vizuri, ila unaleta matatizo mawili. Maji hayazunguki, hivyo upande usio na hita unapoa na usio na chujio unakusanya amonia. Pia siku ya kubadilisha maji, ukinyonya upande mmoja kwa haraka, maji ya upande wa pili yanausukuma ukuta na wakati mwingine yanauangusha. Hata kwa wavu, zoea kunyonya kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule.

Chujio liwe la sponji, moja kila upande, zote mbili kwenye pampu moja ya hewa yenye vali mbili. Beta mwenye mapezi marefu hachoki na njaa kama anavyochoka na mkondo. Punguza hewa mpaka majani yatikisike tu. Faida nyingine ni kwamba siku ukilazimika kumhamisha mmoja, sponji moja iliyojaa bakteria wanaovunja amonia inaondoka naye. Kwa joto, hita mbili za wati 25 ni bora kuliko moja ya 50: moja ikikwama kwenye kuwaka, haina nguvu ya kuwachemsha wote wawili. Ziwe sentimita 5 au zaidi kutoka kwenye wavu. Joto lengwa ni nyuzi 26, na kipimajoto kiwe kila upande. Tofauti ikizidi nyuzi 1, maji hayapiti inavyotakiwa.

Tangi likomae kwanza, yaani bakteria hao wakue vya kutosha, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, mpaka amonia na naitriti, sumu inayotokana na amonia ikivunjwa, zisome sifuri pande zote. Pima kila upande peke yake. Kupima mmoja na kudhani wa pili uko sawa ndiko kunakoua samaki wa pili. Baada ya hapo badilisha asilimia 25 hadi 30 kila wiki kwa maji yaliyotolewa klorini na yenye joto lile lile. Chakula ni punje 2 au 3 asubuhi na jioni, ziwekwe mbali na wavu, la sivyo zinapenya na jirani anakula mara mbili.

Siku ya kuwaingiza, zima taa. Muingize mmoja, mpe saa kadhaa aijue sehemu yake, ndipo aje wa pili. Tazama siku 3. Kutunisha mashavu siku ya kwanza ni kawaida. Siku ya nne, yule ambaye bado ameganda wavuni, mapezi yamebanwa au yana mchaniko mpya, mtoe kwa kikombe, si kwa kimia cha kitambaa kitakachomchana zaidi, umpeleke kwenye tangi la akiba. Huenda wala si kosa la kiambaza. Wapo beta wanaogombana hata na kivuli chao kwenye kioo.