Alama Zinazopotea Vyuoni Hupotea Kabla ya Mtihani

Mwanafunzi wa Faza au Kizingitini anayesoma Kilifi, Mombasa au Nairobi akikuta yuniti moja, yaani somo moja la muhula, haina alama, kuifuatilia ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Garsen na Malindi. Akifika huenda akaambiwa mhadhiri hayupo, arudi Jumatatu. Ndiyo maana wanaotaka shughuli zote za usajili na mitihani zihamie mtandaoni wanasikilizwa kwa hamu huku Lamu. Maafisa wa mitihani wanaoshikilia karatasi zenye sahihi nao hawakosei: hizo ndizo ushahidi pale mtu anapodai alama zimebadilishwa.

Ila pande zote mbili zinaangalia mwisho wa njia, na tatizo linaanzia mbali zaidi.

Vyuo vingi hufunga usajili wa yuniti mpaka mwanafunzi alipe sehemu fulani ya karo. Mkopo wa HELB, bodi ya Kenya ya mikopo ya elimu ya juu, ukichelewa, hasajiliwi, lakini darasani anahudhuria muhula mzima. Siku ya mtihani msimamizi anamhurumia: jina lake linaongezwa kwa kalamu chini ya orodha iliyochapishwa, anafanya mtihani, anasahihishiwa. Mhadhiri akiingia kwenye mfumo kujaza alama, jina halimo. Alama inabaki kwenye droo au kwenye kompyuta ya mtu. Inakuja kutafutwa mwaka wa nne, mahafali yakikaribia, na pengine mhadhiri alikuwa wa muda na ameshaondoka. Mfumo mpya wa bei ghali utamkataa mwanafunzi huyo vilevile.

Naona deni la karo litenganishwe na usajili. Kila aliyeripoti asajiliwe yuniti zake ndani ya wiki mbili za kwanza, na anayedaiwa azuiliwe kuona matokeo tu. Ofisi ya fedha italalamika, na lalamiko lake ni zito. Vyuo vya umma vinadaiwa mabilioni ya shilingi, na kufunga usajili ndiko kunakofanya karo iingie katikati ya muhula. Katika pesa hizo ndimo wahadhiri wa muda wanamolipwa. Wasipolipwa, baadhi yao huzuia alama, na tunarudi pale pale. Hata hivyo, kufuli hilo linamwadhibu anayesubiri mkopo sawa na aliyekataa kulipa. Ambaye mkopo wake umeshaidhinishwa anajulikana kwa jina na nambari ya usajili. Huyo angalau asifungiwe.

Chumba cha mtihani nacho kinahitaji hesabu. Msimamizi ahesabu watu waliokaa, sahihi kwenye orodha, na vijitabu vya majibu. Idadi zote tatu zilingane kabla mtu hajatoka, kisha ziandikwe juu ya bahasha. Mhadhiri akipokea bahasha ahesabu tena na kutia sahihi. Alama zinapojazwa, mfumo ukatae kuzipeleka kwa mwenyekiti wa idara hadi idadi yake ifikie ile ya bahasha. Bahasha ikisema 62 na mfumo ukawa na 61, huyo mmoja anatafutwa wiki hiyo hiyo, kijitabu chake kikiwa bado mezani. Kwa njia hii afisa wa mitihani hapotezi ushahidi wake, na kazi haiongezeki zaidi ya dakika chache kwa kila chumba.

Huduma za mtandaoni zina hatari yake pia visiwani. Asiye na kompyuta huingia kwenye akaunti yake kupitia saiba, yaani duka la intaneti, na nywila huishia kwa mhudumu. Mwenye nywila anaweza kufuta yuniti iliyosajiliwa, na alama ikakosa pa kukaa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakibebesha chuo wajibu wa kulinda taarifa hizo, kwa hiyo kufuta yuniti kuhitaji pia nambari ya siri inayotumwa kwenye simu ya mwanafunzi. Na ombi la kutafutiwa alama lipewe nambari na tarehe: likipita siku 14 bila jibu, mfumo ulipeleke wenyewe kwa msajili wa taaluma, bila kumsubiri mwanafunzi aje kuulizia.